Pikipiki Isiyonguruma

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu, kabla hajafariki, alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali. Nikiketi kidogo tu, miguu inaanza kuniwasha, nasimama, nachungulia nje, nakumbuka kitu ambacho hata hakina haraka. Kanisani nakaa karibu na mlango. Ndiyo maana kazi ya kubeba maziwa ilinifaa kuliko ndoa, na ndoa nilishaijaribu.

Asubuhi napita kwenye maboma ya wafugaji upande wetu wa Mabira, nakusanya maziwa kwenye madumu, nayafunga nyuma ya pikipiki na kuyapeleka kituo cha kupozea. Mchana narudi na madumu matupu. Jioni naanza tena. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo kwa pikipiki ya petroli, na sikuona tatizo lolote mpaka maziwa yangu yalipoanza kunuka.

Kwetu kituo cha mafuta kiko mbali, kwa hiyo petroli tunainunua kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza ya mbao kando ya njia. Ukiwa na akili unanunua na ya akiba, unaifunga kwa mpira nyuma, na huko nyuma ndiko yalikokaa maziwa. Sasa maziwa yana tabia ya udokozi. Hayaoni harufu ikapita. Ukiyaweka karibu na vitunguu yanachukua vitunguu, ukiyaweka karibu na moshi yanachukua moshi, na yangu yakachukua petroli. Mpokeaji wa kituo alifungua dumu, akainamisha pua, akalifunga tena taratibu bila kuniangalia. Mara ya kwanza nilibishana naye. Mara ya pili nikanusa mwenyewe. La kuvunda halina ubani, na yale maziwa hata ndama angeyakataa. Niliyamwaga kwenye mtaro huku nikitukana chupa, mpira, na yeyote aliyebuni injini.

Basi tulipoitwa Kayanga, sisi wasafirisha maziwa, tukaambiwa kuna mradi unatafuta watu wa kujaribu pikipiki za umeme, mimi nilinyoosha mkono kabla mtu hajamaliza kueleza. Aliyekuja kutueleza alisema mengi kuhusu moshi wa vyombo vya moto, hewa inavyozidi joto, na mvua zinavyokosea njia. Mkulima mmoja wa Kanoni akasimama akauliza kama ni moshi wa vipikipiki vyetu uliokausha mibuni yake, au ni wa malori na viwanda vya watu wengine wasiojua hata Karagwe iko wapi. Watu wakaguna. Yule mgeni akajibu kwamba kila mmoja abebe chake. Mvua zimekosea njia kweli, hilo kila mtu kwetu analijua, lakini siku ile nilichokuwa nawaza ni dumu langu.

Nikapewa. Wenzangu wa kijiweni walinicheka wiki nzima. Waliniuliza kama nikipigiwa simu pikipiki itaita, na kama mvua ikinyesha nitapigwa shoti mimi au maziwa. Nilicheka nao, lakini nilikuwa roho juu. Pale penye geji ya mafuta palikuwa na namba ya chaji, na ile namba ilinitesa. Nikipanda kilima inashuka, nami najikuta nimeinama mbele kana kwamba nitaisaidia kwa kifua. Umeme ukikatika nyumbani jioni, nilikuwa nazunguka uani nikiwasha na kuzima swichi ya sebuleni. Mpaka taa iwake, chaja iwe na kijani chake, ndipo nakumbuka kwamba sufuria iko jikoni inaungua.

Lakini jamani, utamu wake. Kwanza kikohozi changu kiliondoka, kile nilichokuwa nakiita cha ukoo. Pili, maziwa yalifika yakinukia maziwa. Na tatu, nilianza kusikia. Miaka yote nilipita njia ile sijawahi kujua kwamba bondeni kuna vyura wengi namna ile, au kwamba madumu yangu huongea yakifika kwenye mashimo. Nilipita karibu na ng'ombe wanakula, wasinyanyue vichwa. Nikasema, hii ndiyo raha, niacheni nife nayo.

Sikufikiri kwamba kuna mtu ambaye kelele zetu zilikuwa macho yake.

Baba yangu, ambaye kwetu tunamwita tata, ni mfugaji aliyepofuka. Macho hayakumwacha ghafla. Yalififia kidogo kidogo, akawa anahesabu ng'ombe kwa kuwashika pembe, mpaka siku moja akakiri kwamba haoni hata pembe. Kundi likaenda kwa kaka yangu. Tata akabaki nyumbani kwangu na fimbo yake, kofia yake, na ubishi wake wote. Alikataa kitu kimoja tu katika upofu wake: kushikwa mkono. Alituambia mimi na kaka, mchana kweupe, mbele ya padri, kwamba siku atakayoongozwa kama mbuzi wa mnadani ndiyo siku tuanze kumchimbia kaburi. Padri alicheka. Sisi hatukucheka, maana tunamjua.

Na kila alasiri alikuwa na safari yake. Ng'ambo ya barabara anaishi rafiki yake wa ujana, mkulima wa ndizi na kahawa, Mlutheri wa kupindukia. Wawili hao wamebishana maisha yao yote. Mmoja anasema nchi hii iliinuliwa na ng'ombe, mwingine anasema iliinuliwa na mgomba, na wanabishana huku wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kibuyu kimoja. Tata asipokwenda kule, haiwi jioni. Alikuwa anashuka kwa kijia chetu mpaka ukingoni mwa barabara, penye kona, anasimama, anasikiliza, halafu anavuka peke yake na kuufuata ua wa mwenzake kwa fimbo.

Pale kwenye kona barabara inapanda kutoka bondeni, na pikipiki yoyote ya petroli inaanza kulia tangu chini. Tata alikuwa anaisoma. Alijua hii ya mwalimu, mnyororo umelegea. Alijua ile imebeba mikungu, tena imezidishiwa. Alijua imefika kwenye daraja, imefika kwenye mkaratusi, sasa iko hapa, sasa imepita. Ndipo anaweka mguu. Sisi wenye macho tulivuka ovyo kuliko yeye.

Siku ile nilikuwa narudi na madumu matupu, namba iko vizuri, upepo mzuri, nikaiacha pikipiki ipande. Nilipokata kona, tata alikuwa katikati ya barabara. Katikati kabisa. Alikuwa amesimama ukingoni, amesikiliza, hakusikia kitu, akavuka kama haki yake. Mkono wangu ukaenda kwenye honi kabla ya breki, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mtu asiyeona, honi haimwambii kitu. Inatokea ghafla, iko kila upande, haisemi inatoka wapi wala inakwenda wapi. Tata aliruka. Akarukia upande uleule niliokuwa namkwepea. Nikalala na pikipiki, madumu yakatawanyika, na tairi la mbele likasimama penye ncha ya fimbo yake.

Hakuumia. Mimi nilichubuka goti na kiwiko. Alipapasa mpaka akanishika uso, akanitambua. Aliuliza neno moja tu, nimetokea wapi. Nikamwambia bondeni. Akasema si kweli, hakuna kilichotoka bondeni. Akageuka, akarudi nyumbani kwa fimbo, na alasiri ile rafiki yake alikunywa peke yake.

Kesho yake tata alisema mguu unamuuma. Kesho kutwa ilikuwa mgongo. Halafu akaacha hata kutoa sababu. Alikaa kwenye kibaraza ameelekea barabarani, na pikipiki ya petroli ikipita anainua kidevu, ikishapita anabaki hivyohivyo akisikiliza kama kuna nyingine nyuma yake isiyosema. Rafiki yake akaja kumwona mara moja. Walikaa bila kubishana hata kidogo, nikajua hali ni mbaya.

Kaka yangu akaja na ushauri. Kwanza alisema turudishe kale kamdudu kangu, tununue pikipiki ya petroli. Nikamwuliza, na pikipiki za wenzangu wawili waliopewa kama mimi, nazo nitazirudisha? Na zitakazokuja mwaka kesho, maana hata wale waliokuwa wananicheka sasa wanauliza zinapatikanaje? Akasema basi tumtafutie tata mtu wa kumshika mkono. Nikamkumbusha maneno ya mbele ya padri. Akasema basi abaki nyumbani, wazee wenzake wamebaki. Nilimjibu vibaya, akaondoka bila kunywa chai.

Mimi sasa ndiyo nikawa siketi kabisa. Nikifika bondeni nashuka, naisukuma pikipiki kwa mguu mpaka kona, nachungulia, sioni mtu, napanda tena huku maziwa yanapata joto. Nililaumu mradi, nililaumu petroli, nilimlaumu tata kwa kiburi. Sikutaka kurudi kwenye moshi. Sikutaka baba yangu afie kwenye kibaraza. Nilitaka vyote viwili, na kila nikivuta huku kule kunaachia.

Ndipo nikaona kengele. Ilikuwa imetundikwa stoo, juu ya mifuko ya maharage, kengele ya chuma ya yule ng'ombe jike aliyekuwa anatangulia kundi la tata. Alikuwa na pembe ndefu kama mikono ya mtu anayeomba, na alipokufa kwa uzee tata hakula siku nzima. Nikaishusha, nikaitikisa, nikasikia ile sauti yake nzito, nikajiona nina akili kuliko wahandisi wote. Nikaifunga kwa waya chini ya taa ya mbele. Wenzangu wakanicheka upya, wakauliza kama nitaikamua. Nikawaambia wacheke, mimi nina baba.

Sikumwambia tata. Nilitaka aisikie mwenyewe kutoka bondeni, kama alivyokuwa anasikia injini, kisha ajue kwamba barabara imerudi kusema. Na kweli aliisikia. Alasiri ya kwanza tu, nilipofika kwenye mkaratusi kengele ikilia kwa kila shimo, nilimwona anatoka uani. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Alikuwa anashuka kijia haraka kuliko nilivyomwona kwa miaka. Nikasema moyoni, nimeweza.

Akafika ukingoni. Hakusimama. Akaingia barabarani, akanigeukia, akanyoosha mkono mbele na kiganja wazi, na akaanza kuita. Alikuwa anaita kwa ile sauti ya kooni ambayo wafugaji wa kwetu hawaipigii mtu, ya taratibu, ya kumbembeleza ng'ombe aliyepotea akarudi. Anakuja huku anaita.

Mungu wangu, nilikuwa mpumbavu kiasi gani. Mtoto wa mfugaji mzima, nimekulia kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikasahau kwamba kengele haimwambii mchungaji kimbia. Inamwambia njoo. Maisha yake yote ikilia gizani, kwenye ukungu, kwenye nyasi ndefu, ameifuata. Sasa nimeifunga kwenye chombo cha kumgonga.

Safari hii nilishika breki kwanza. Nilisimama mbali naye, nikazima kila kitu, nikakaa palepale juu ya kiti. Kengele ikanyamaza. Tata akaendelea kuja mpaka kiganja chake kikagusa taa, kikashuka, kikaipata kengele, kikaizunguka. Kisha kikapanda kwenye usukani mpaka kwenye mkono wangu. Akaushika. Uso wake nisingependa kuueleza. Nililia mbele yake bila kutoa sauti, nikashukuru kwamba haoni, ingawa nadhani alijua.

Alifungua ule waya mwenyewe, taratibu, akaitia kengele mfukoni. Ndipo akaongea.

"Ulinipigia honi kama mbuzi. Leo unanipigia kengele kama ng'ombe. Mimi ni baba yako. Ukinikuta njiani, nisalimie."

Nikasema, "Tata, nikiwa kwenye pikipiki?"

"Mdomo uliuacha wapi?"

Akageuka akapanda kijia chake. Nilibaki pale na madumu yangu, nimeona haya mpaka masikioni.

Maana alisema kweli. Zamani, watu walipokuwa wanatembea, hakuna aliyepita kwenye kona ile bila kutupa salamu kwenye ua wa kulia na ua wa kushoto, hata kama haoni mtu. Unasalimia mgomba, mwenye mgomba anaitikia kutoka ndani. Tulipopanda injini tukaacha, maana nani angesikia? Injini ikawa inatutolea salamu na sisi tukakaa kimya juu yake, miaka na miaka, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua. Mimi mwenyewe nilikuwa nampita baba yangu mzazi kwa honi mbili na kuona nimefanya heshima.

Kwa hiyo nikaanza. Nikifika kwenye daraja naita shikamoo tata. Nikifika kwenye mkaratusi naita tena. Nikikaribia kona naita mara ya tatu, nikiwa nimepunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea. Siku za kwanza nilijisikia kichaa. Wanawake waliokuwa wanachota maji bondeni waliniitikia wao, marahaba mwanangu, wakiangua kicheko. Niliwaomba wale wenzangu wawili wenye pikipiki za umeme nao wafanye hivyo. Mmoja, kijana kutoka Ihembe mwenye sauti ya kwaya, akaifanya kwa mbwembwe, anaivuta shikamoo yake kutoka bondeni mpaka juu. Huyo tata alimpenda papo hapo, ingawa hakusema. Niliona tu kwamba kijana akipita, kidevu cha tata kinainuka na hakibaki juu.

Lakini kutoka hakutoka. Wiki zikapita, mimi naita, yeye anaitikia kutoka kibarazani, marahaba kavu isiyo na hatua. Nikawa naogopa kwamba nimechelewa, kwamba mtu akishakaa, amekaa. Nilimwuliza siku moja kama hasikii vizuri. Akanijibu anasikia vizuri, ila sauti si injini, lazima aizoee, aijue ikiwa kwenye daraja inafikaje na ikiwa kwenye mkaratusi inafikaje, na kama upepo unatoka ng'ambo inadanganya kiasi gani. Akaniuliza kama nilidhani alijifunza injini kwa siku moja. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba alijifunza.

Halafu ikaja alasiri moja ya mawingu, mvua inatishia. Nilikuwa na maziwa ya jioni, namba iko chini kuliko nilivyopenda, nataka kufika. Kwenye daraja nikaita. Hakuna jibu. Kwenye mkaratusi nikaita kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikatazama juu, kibaraza kitupu, kiti chake kimeelekea barabarani na hakuna mtu. Nikaiacha pikipiki imeegemea ukingo, maziwa juu yake, nikakimbia kuelekea kona nikiita tata, tata, natazama mtaroni upande huu, natazama mtaroni upande ule, naona fimbo kila penye kijiti.

Jibu likatoka ng'ambo, nyuma ya ua wa migomba, pamoja na sauti ya rafiki yake anayesema kitu kuhusu ng'ombe na upuuzi.

"Marahaba," tata akasema. "Nimeshavuka. Hebu pita, maziwa yataharibika."